Nilivyojifunza Kuruka Kuta Baada ya Malale

Kama umeambiwa majuzi kwamba una malale, ule ugonjwa wa usingizi, na kwamba dawa iliyopo ni ile ya kuchomwa kwenye mshipa, tafuta mtu akae karibu nawe wakati unasoma haya. Siandiki kukutisha. Lakini sitaficha kwamba niliogopa tangu mwanzo, na bado naogopa kidogo hata sasa. Nilipokuwa mgonjwa karibu kila aliyekuja kunitazama aliniambia nisiogope, na maneno hayo yalinifanya nijione niko peke yangu zaidi.

Naitwa Zainabu, fundi cherehani wa Koboko, karibu na mpaka wa Sudan. Baba yangu alikuwa askari, na kaka yangu Rajabu naye alikuwa askari. Vita vya 1979 vilipofika kwetu tulikimbilia Sudan kama watu wengi wa huku. Tuliporudi baada ya miaka kadhaa nilikuwa nimeolewa na Swaleh, mwanamume mpole aliyenunua samaki wakavu kwa jumla na kuwauza sokoni. Tulipata chumba chenye baraza, nikaweka cherehani barazani, nikadhani mabaya yamebaki ng'ambo ya mpaka.

Ugonjwa haukuja kwa kishindo. Kwanza kichwa kiliuma, kisha ngozi ikawasha bila upele, kisha nikaanza kusinzia mchana. Siku moja nilisinzia huku mguu unakanyaga pedali, sindano ya cherehani ikapita kwenye ukucha wangu, na hata hapo nilichukua muda kushtuka. Usiku usingizi ulikimbia kabisa. Nilikuwa mtu wa kucheka, nikawa mkali. Mama mkwe wangu, Mama Hawa, aliniomba maji ya kutawadha nikamrushia birika, na sikujua kwa nini. Swaleh alisimama mlangoni akaniangalia kama mtu aliyekuta mgeni ndani ya nyumba yake.

"Hii hapana ugonjwa," Mama Hawa alimwambia. "Hii iko kitu ingine."

Alimaanisha majini. Nilisomewa, nikafukizwa, nikazidi kulala. Mpaka siku moja gari la wapimaji likasimama sokoni, wakawa wanatoboa watu vidole na kupapasa shingo zao kutafuta tezi zilizovimba. Yule aliyepapasa shingo yangu alirudia mara nyingi kuliko kwa wengine, kisha akamtafuta Swaleh kwa macho katika umati. Kesho yake tulipanda lori la kwenda Arua.

Hospitali ilikuwa ya misheni. Nje ya chumba cha vipimo palikuwa na benchi refu la mbao lililong'aa kwa kukaliwa, na sisi wagonjwa wa malale tulisogea juu yake kuelekea mlangoni, tako kwa tako, kila mtu aliyeitwa akimpa jirani nafasi aliyokuwa haitaki. Walioingia walitoka wameinama, mkono mmoja kiunoni. Nilipoingia niliambiwa nilale kwa ubavu na kukunja magoti mpaka kidevuni ili watoe maji ya mgongo.

"Mama, hapana tingishika," muuguzi alisema, akanikumbatia magoti kwa nguvu.

Sikutingishika. Nilikojoa. Hakuna aliyenisema.

Maji ya mgongo yalionyesha kwamba ugonjwa umeshafika kichwani, kwa hiyo nilihitaji ile dawa kali. Walituambia wazi, mimi na mwenzangu wa kitanda cha pili, kwamba dawa ile inaponya wengi na wachache inawachukua. Mwenzangu huyo aliitwa Drateru, mkulima wa upande wa Ombaci, Mkristo, mwenye sauti nene na maneno mengi. Dawa ilivutwa kwa bomba la kioo. Ilipoingia kwenye mshipa niliona moto ukipanda kutoka kiwiko hadi begani, ukazunguka kifuani, na mdomo ukajaa ladha ya chuma. Drateru alinyoosha mguu wake kutoka kitandani kwake akaukanyaga wangu, akausukuma mpaka moto ulipopungua. Ilipofika zamu yake nilimfanyia vilevile.

Tulichomwa kwa mizunguko: siku chache za sindano, kisha mapumziko marefu, kisha tunaanza tena. Katika mapumziko ya kwanza, asubuhi, Drateru alikuwa ananieleza namna ya kuhifadhi viazi visiliwe na wadudu. Alinyamaza katikati ya sentensi. Niligeuka nikaona mwili wake wote unatetemeka na macho yametazama juu. Wauguzi walikuja mbio, wakamzungushia pazia. Alikaa bila fahamu mpaka siku iliyofuata, akafa, na dada zake wakaja kumchukua.

Mimi nilikuwa bado na mizunguko mbele yangu.

Muuguzi alipokuja tena na bomba la kioo niliufunga mkono wangu ndani ya kanga nikakataa kuutoa. Swaleh alijaribu kunibembeleza, akashindwa, akatoka nje na hakurudi siku ile. Aliyekuwapo alikuwa Rajabu, kaka yangu. Alikuwa amekuja kwa baiskeli kutoka Lobule na mkungu wa ndizi nyuma, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Alikaa kwenye kitanda kilichokuwa cha Drateru, bila kujua kilikuwa cha nani.

"Kaka, mimi naogopa," nikamwambia.

"Ogopa tu," alisema. "Hapana mutu anakukataza kuogopa. Lakini mkono, toa."

Niliutoa.

Nilitoka hospitali mvua za kwanza zilipoanza. Vidonge tulivyopewa pamoja na sindano vilinipa njaa isiyoshiba, na uso wangu ulikuwa umejaa ukawa mviringo kama sahani. Tumbo lilitangulia, miguu ikawa myembamba chini yake. Watoto wa jirani hawakunitambua. Mbele ya nyumba yetu kulikuwa na mtaro wa maji ya mvua, mdogo, ambao hata kuku waliuruka. Mimi nilisimama ukingoni mwake nikashindwa. Niliona miguu yangu lakini sikuiamini. Mama Hawa alinishika mkono akanivusha kama bibi kizee, na yeye ndiye aliyekuwa bibi.

Sijui kama hofu ya sindano ilikuwa kubwa kuliko ile iliyonijia nyumbani. Hospitali walisema nitarudi kupimwa maji ya mgongo kila nusu mwaka, mpaka miaka miwili itimie, maana malale yanaweza kujificha na kurudi. Kwa hiyo nikawa mlinzi wa mwili wangu mwenyewe. Mchana macho yakilegea kidogo, kama yanavyolegea ya kila mtu baada ya kula ugali wakati wa joto, moyo ulianza kwenda mbio. Nilijimwagia maji. Nilijifinya mapaja mpaka yakawa na alama nyeusi. Nikijikwaa, nilikaa chini na kulia. Niliacha kwenda sokoni, kisha nikaacha kutoka uani, na kwa kukaa hivyo nikazidi kunenepa na kuishiwa pumzi.

Swaleh alipanga chumba Onduparaka, nje kidogo ya Arua, akisema biashara ya samaki iko Arua. Alikuja kila Ijumaa, kisha si kila Ijumaa. Akija aliniletea sukari na sabuni, akalala upande wa ukutani bila kunigusa. Watu walianza kusema anatafuta mke mwingine. Sikumuuliza. Niliogopa jibu.

Kipimo cha nusu mwaka kilikuja, nikakaa tena kwenye benchi lile, nikajikunja tena. Maji yalikuwa safi. Nilifurahi mpaka tulipofika nyumbani, kisha nikaanza kuogopa kipimo kinachofuata.

Rajabu alikuja baada ya mavuno ya simsim. Alinikuta nimekaa mahali pale pale aliponiacha alipokuja mwezi uliotangulia. Alimwamkia Mama Hawa kwa heshima, akakaa, akanywa chai, ndipo akasema, "Mama, mimi naomba kwenda na huyu Lobule, mpaka kiangazi kiishe."

"Atalima na miguu ile?"

"Hapana kulima. Atatumia miguu tu."

Mama Hawa aliweka kikombe chini. "Mwambie bwana yake mimi ndiye nimekubali," alisema, akaingia ndani kunifungia nguo.

Zamani, jeshini, Rajabu alikuwa akifundisha makurutu mazoezi ya vikwazo: kupanda ukuta, kuvuka shimo, kushuka kutoka juu bila kuvunjika. Baada ya vita hakupenda kuyataja mambo ya jeshi, na mimi sikuwa nimewahi kumwona akifanya hata zoezi moja. Karibu na shamba lake palikuwa na ghala la tumbaku lililochomwa wakati wa vita. Paa halikuwapo. Kuta zilibaki, nyingine za kufika magotini, nyingine kiunoni, nyingine zaidi ya kimo cha mtu, na nyasi zimeota ndani. Asubuhi ya kwanza alilizunguka na fimbo akifukuza nyoka, kisha akaweka matofali mawili, moja juu ya jingine, akaniambia nipande na kuruka chini.

Nilipanda. Nikasimama pale kama niko juu ya paa la msikiti. Jasho lilinitoka mgongoni, hasa pale penye alama za sindano.

"Siwezi, kaka."

"Unaona nini?"

"Naona nitaanguka."

"Utaanguka wapi? Chini iko hapa." Alipiga ardhi kwa mguu. "Kunja magoti. Kanyaga na mbele ya mguu, hapana kisigino. Halafu mimi hapana taka kusikia kitu."

Akanipa mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa njia yake: hakutazama, alisikiliza. Nilijitupa, nikatua kwa visigino na meno yakagongana.

"Gunia ya mihogo," alisema bila kugeuka. "Tena."

Nilivaa suruali yake kuukuu ya kaki chini ya gauni, nikafunga kitambaa kichwani. Wanawake waliokwenda kuteka maji walisimama njiani. Mmoja aliuliza kwa sauti kama dada yake Rajabu ameitwa jeshini. Mke wa Rajabu, Kiden, hakucheka. Yeye alikuwa na hasira. Alileta uji ghalani akauweka chini kwa kishindo. "Huyu mutu ametoka kaburini juzi," alimwambia mumewe, "na wewe unamtupa kutoka juu ya ukuta."

"Ukuta iko kwa magoti tu."

"Kesho itakuwa kwa kichwa."

Kiden alikuwa na haki ya kuogopa. Mimi mwenyewe niliogopa kila asubuhi, tangu nikiwa napiga mswaki. Pumzi ilinikatika kabla jua halijapanda. Mapaja yaliuma kiasi cha kushindwa kuchuchumaa chooni. Lakini maumivu yale yalikuwa na sababu niliyoijua, na kwa mtu aliyeumwa kama mimi hilo ni jambo kubwa. Kwa muda mrefu kila kilichouma kilikuwa fumbo. Sasa bega likiuma nilijua ni lile nililobingirikia jana.

Maana alinifundisha pia kuanguka. Tulianza kwenye nyasi, nimepiga magoti: mkono mbele, kichwa pembeni, bega, mgongo kwa mshazari, unainuka. Nililia siku ya kwanza kwa sababu mgongo ulipogusa ardhi nilikumbuka meza ya hospitali. Rajabu aliondoka, akaenda kupalilia mihogo yake, akarudi nilipomaliza. Kisha tukaendelea. Baadaye nilitembea juu ya ukuta kwa mikono na miguu, kama paka mnene. Baadaye nikavuka ukuta wa kiunoni kwa kuweka kiganja na kupitisha miguu ubavuni. Mara ya kwanza goti lilikwaruzwa likatoa damu, nikaitazama damu ile na kuona haikuwa ya kupelekwa kwa mpimaji yeyote.

Uso wangu ulianza kurudi. Kiangazi kilipokwisha sikutaka kuondoka, na Mama Hawa alitoa ruhusa tena. Kipimo cha mwaka kilikuwa safi.

Kisha mvua zikaja, na katika mvua hizo ndipo nilipoanguka.

Ukuta ulikuwa umekauka, siwezi kuulaumu. Nilikuwa natembea juu yake wima, mahali palipofika kifuani mwangu, nikafurahi kwamba sikuhesabu tena hatua. Ghafla mguu wa kushoto haukuwapo. Haukuteleza. Ulikatika chini yangu kama kamba, nikaenda chini kwa upande, nikatua juu ya mkono.

Kifundo cha mkono kilivimba papo hapo. Sikukijali. "Mguu," nilimwambia Rajabu. "Kaka, mguu umeondoka wenyewe." Na wakati ananiinua nikakumbuka kwamba siku mbili zilizotangulia nilikuwa nimesinzia mchana, zote mbili, na sikumwambia mtu. Rajabu aliupapasa mguu. Nilimwona usoni kwamba naye anaogopa, na hapo nguvu zote zilinitoka.

Kiden ndiye aliyenifunga mkono kwa kitambaa. Hakumgombeza mumewe. Alinishika kichwa kifuani kwake, akaniambia, "Twende tu wajue. Kujua ni bora."

Benchi la hospitali lilikuwa lile lile. Nilisogea juu yake nikiwa na hakika kabisa kwamba malale yamerudi. Nilikuwa nimeshampangia Kiden nguo zangu zipi azichukue, na cherehani nani apewe. Nilimfikiria Drateru na viazi vyake. Mtu alikaa kando yangu, akanukia samaki, nikajua ni Swaleh kabla sijageuza kichwa. Rajabu alikuwa amempelekea habari. Aliweka kofia yake magotini na kila tuliposogea aliisogeza nayo.

Walinitoa maji, nikalala kifudifudi kungoja. Nje mvua ilipiga mabati kwa nguvu, ikaacha, ikaanza tena. Daktari aliyekuja alikuwa kijana mwenye miwani, na aliinama ili asiongee kutoka juu.

"Mama Zainabu, hapana vijidudu. Maji iko safi."

"Na mguu?"

Aliupima mguu, akaligonga goti, akanikunja na kuninyoosha. "Huu mguu umechoka. Una damu kidogo pia mwilini, ndiyo maana unasinzia, tutakupa vidonge. Umefanya kazi gani?"

"Naruka."

"Unaruka nini?"

"Kuta."

Alimtazama Swaleh, kana kwamba Swaleh ndiye angetafsiri. Swaleh alitazama kofia yake. "Basi pumzika mpaka mkono upone," daktari alisema mwishowe. "Halafu uruke polepole."

Swaleh alitusindikiza mpaka kwenye lori, akanipa mkate, akabaki Arua.

Nataka uelewe, wewe unayesoma, kwamba habari ile njema haikuniondolea hofu. Niliporudi ghalani baada ya mkono kupona, sikuweza hata yale matofali mawili ya mwanzo. Nilianza upya kabisa, mwili mwepesi zaidi lakini roho nzito kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa nilijua kuanguka kukoje. Rajabu hakunisukuma. Kuna siku tulikaa tu juu ya ukuta mfupi tukala karanga, tukarudi nyumbani. Mvua zikapita, mtama ukavunwa, kiangazi kingine kikaingia, na nikaenda kwa kipimo cha mwisho. Daktari aliniambia nisirudi tena. Nilitoka langoni nikasimama barabarani nikiwa sina tarehe yoyote mbele yangu, na hilo nalo likanitisha.

Katika ghala lile kulikuwa na pengo kati ya kuta mbili, pale palipokuwa na mlango mkubwa wa kuingizia magari. Rajabu aliwahi kuliruka mbele yangu mara moja, akachechemea wiki nzima, akasema ni uzee. Hakuniambia kamwe nijaribu kuliruka. Asubuhi moja baada ya kipimo cha mwisho nilipanda mwenyewe nikasimama ukingoni mwake. Rajabu aliona nilichokusudia, akanipa mgongo. Alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Nilikaa pale mpaka jua likaanza kuchoma. Nilishuka mara moja, nikapanda tena. Kisha niliruka. Sikumbuki hewani. Nakumbuka vidole vya miguu vikikamata tofali la upande wa pili, na mikono ikitafuta hewa, na mwili ukikubali kubaki.

"Zainabu?" Rajabu aliita, bado amenipa mgongo. "Wewe bado iko pale?"

"Hapana," nilisema. "Mimi iko huku."

Swaleh alikuja Lobule kabla ya mwezi wa mfungo. Kiden alimpa maji na kiti, akatuacha. Aliuliza kama kweli naruka, nikampeleka ghalani. Hakuniomba nimwonyeshe. Aliweka kiganja juu ya ukuta ule wa kifuani, akaupima kwa kifua chake, akasimama hivyo akiangalia nyasi.

"Watu wanasema mimi nilitafuta mwanamke Onduparaka," alisema. "Hapana mwanamke. Mimi niliogopa kukuzika. Kila Ijumaa nilikuwa nafikiri nitafika nikute watu wamejaa kwa nyumba."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyaweka miaka miwili kwa ajili ya siku hiyo, na mengine yalikuwa makali. Nilimwambia baadhi. Aliyasikiliza yote bila kujitetea, kisha akaniomba turudi nyumbani. Nilimwambia sitaacha kuruka. Alisema hakuja kunizuia.

Tuliondoka jioni jua likiwa limepoa, yeye anasukuma baiskeli yenye mzigo wangu, mimi kando yake. Alikuwa anatembea polepole sana, jicho moja kwenye miguu yangu, akisimama kila penye jiwe. Tulikwenda hivyo mpaka mashamba ya Lobule yakaisha. Kisha nikamwambia aongeze mwendo.